Hina ya Mkono Uliolala

Wanaonifahamu hapa Bagamoyo waliujua mdomo wangu kabla hawajaijua pilau yangu. Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, popote ulipoona masufuria makubwa yamepangwa uani na wanawake kumi wanamenya vitunguu, sauti iliyotoka kwenye moshi ilikuwa yangu. Nilikuwa nawasema watu mpaka wanacheka, na wasiocheka nawasema zaidi. Mkono wangu wa kulia ulikufa, hilo kila mtu analiona. Lakini mkono mtu huuzoea. Kilichonitia kwenye balaa ni ulimi, na safari hii si kwa kusema sana.

Naandika haya kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwenye simu, sentensi tatu au nne kwa siku. Siku nyingine neno linagoma, nalifuata mpaka kichwa kinaniuma, naliacha. Namwandikia mtu aliyelala kitandani sasa hivi, anasikia kila kitu na hawezi kusema lolote, na nje ya pazia watu wake wanamzungumza kama marehemu. Nawaandikia pia hao walio nje ya pazia, maana wao ndio wanaoweza kusoma leo.

Kiharusi kilinikuta mwezi wa Shaabani, harusi zimebanana kabla ya Ramadhani. Nilikuwa Mlingotini, nakaanga vitunguu vya pilau ya watu mia mbili. Mwiko ukanitoka mkononi. Nikainama kuuokota, na ardhi ikaja juu. Nilitaka kusema, "Punguzeni moto." Kilichotoka ni "ba, ba, ba." Wasichana wangu wakacheka, kwa sababu nilikuwa na tabia ya kuigiza watu tukiwa kazini, walidhani naigiza mlevi. Walicheka mpaka vitunguu vikaungua. Siwalaumu, ningekuwa mimi ningecheka pia.

Kaka yangu mkubwa, Shabani, alikuja kutoka Mkange siku ileile. Alinitazama mdomo ulivyokwenda upande akasema hili si la hospitali, nimepigwa na shetani pale jikoni kwa watu. Ikaletwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya waridi. Nilinyweshwa, nusu ikanimwagikia kifuani. Siku mbili zikaenda hivyo. Aliyesimama akasema hapana ni binti yangu Salha, mtoto wangu wa pekee. Alimwambia mjomba wake, "Shikamoo mjomba, lakini mama anakwenda hospitali sasa hivi," akaita bajaji. Kwetu huku mtoto hamkatalii mjomba neno. Salha alimkatalia. Usilisahau hilo unaposoma yanayofuata, mimi sijalisahau, na ndilo linalonitia uchungu.

Ramadhani yote niliifungia wodini bila kufunga. Nilivishwa pampasi, mimi mwanamke wa miaka hamsini na minne niliyekuwa naoga mara tatu kwa siku. Uji ukiingia upande wa kulia wa mdomo ulikuwa unatoka wenyewe. Mkono ulikuwa laini kama samaki wa jana. Nikiugusa kwa mkono mzima nilihisi namgusa mtu mwingine aliyelala nami kitanda kimoja, na mara ya kwanza nilishtuka nikataka kumsukuma.

Ilipofika Idi tukarudi nyumbani, na mkono ukaanza kujifunga. Vidole vilikunjana taratibu, dole gumba likaingia chini yao, ngumi ikakaza mpaka kucha zikanichana kiganja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha Salha namna ya kuufungua. Usivute vidole, ukivivuta vinakaza zaidi. Kwanza unakunja kifundo cha mkono kwa chini, unasugua mgongo wa mkono polepole, unangoja, kisha dole gumba linatoka kwa upole, na vingine vinalifuata. Salha alikuwa anafanya hivyo kila asubuhi, ananisafisha kiganja kwa maji ya vuguvugu, anakiweka kitambaa. Majirani walijaribu wakashindwa. Ngumi ile ilikuwa inamtii yeye peke yake.

Ulimi nao ulikuwa na vituko vyake. Sikuweza kuomba maji, lakini Fatiha niliisoma yote bila kukosea. Nesi alituambia hutokea hivyo, maneno ambayo mtu ameyasema tangu utotoni yamekaa mahali pengine kichwani. Jirani yangu hakumwamini nesi. Alinisikia nasoma akawatangazia wenzake, "Kumbe anasema! Basi anatufanyia makusudi." Wengine wakasema hapana, anayesoma si yeye, ni jini wa Kiislamu. Nilikuwa nalala pale nachagua kati ya kuwa mnafiki na kuwa jini, na nafasi ya kuwa mgonjwa hakuna aliyenipa.

Jumanne zilikuwa siku za mazoezi. Tulikuwa tunakaa kwenye benchi la mbao nje ya chumba, tangu saa mbili asubuhi mpaka jina liitwe. Pale ndipo nilipomjua Mzee Gulam, muuza vitambaa wa zamani, kiharusi kilimwachia neno moja tu, "sasa." Ukimsalimia, sasa. Akitaka kwenda haja, sasa. Mkewe, Mama Gulam, alikuwa anamuuliza jambo, kisha ananyamaza na kungoja mpaka mzee amalize kuhangaika, hata kama foleni yote inatazama. Siku moja alinigeukia mimi. "Bi Mwanaidi, mguu leo unauma?" Watu wote walikuwa wakiuliza hivyo wanamtazama Salha. Mama Gulam alinitazama mimi, akangoja. Nilihangaika, jasho likanitoka, nikatikisa kichwa kwamba hauumi. "Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kumenya chungwa la mzee wake. Nililia kwenye benchi lile, na Salha akadhani nimeumia.

Kikao cha ukoo kilikaa mwezi wa Mfungo Pili, masika inamalizikia. Kilikaa nyumbani kwangu, sebuleni kwangu, kwa kahawa yangu, na hawakuniita. Kitanda changu kilikuwa nyuma ya pazia, hatua nne kutoka walipokaa. Kaka Shabani alikuja na baba wadogo wawili kutoka Mkange. Nilisikia wanavyosalimiana kirefu, habari za shamba, habari za mvua, kisha sauti zikashuka.

"Mwanaidi tuliyekuwa tunamjua hayupo," Kaka Shabani akasema. "Alikuwa mwanamke hodari. Lakini huyu aliyebaki hajijui. Nyumba hii itakaa bila mwenyewe mpaka lini? Na huyu mtoto atauguza mpaka lini?"

"Ndiyo, hodari alikuwa," baba mdogo mmoja akaitikia. "Na pilau yake, Mungu amlipe."

Mungu amlipe! Nilipiga ukuta kwa mkono wa kushoto. Nikapiga tena. Nikasikia Kaka Shabani anasema, "Anaweweseka, maskini," na kikao kikaendelea. Mpango ulikuwa huu: waende mahakamani, Kaka Shabani ateuliwe mlezi wangu wa kisheria na msimamizi wa kila kilicho changu, nyumba aikodishe, mimi nihamishiwe Mkange nikatunzwe na wake zake. Mkange hakuna mtaalamu wa mazoezi. Jumanne zangu zingeishia hapo, ulimi ungebaki ulipo, na ngumi ingejifunga moja kwa moja. Nilielewa yote hayo nikiwa nimelala na mate yananitoka.

Kisha Salha aliingia na kidonge changu cha mchana, kile cha kulegeza misuli, ambacho kilikuwa kinanilaza kama mtoto. Nilimshika nguo kwa nguvu. Nikamwonyesha sebuleni kwa macho. "Usijali mama," akasema, "wanazungumza tu." Nikameza, nikalala.

Nilipoamka jua limeelekea Asri, wageni wameondoka, na Salha amekaa ukingoni mwa kitanda upande wa kulia, kibakuli cha hina mapajani. Alikuwa ameshaufungua mkono wangu uliolala na anaupaka. Hina ameitia piko, nyeusi, anapaka ncha za vidole kama tulivyokuwa tukipaka zamani, na dole gumba akalikoleza mara mbili, tatu.

Uelewe mimi ni mjane. Sikuwa nimetia hina tangu nitoke eda ya baba yake Salha, miaka tisa. Mjane akijipaka watu huuliza ampakia nani. Na sasa nilikuwa mtu wa pampasi, mtu wa kulishwa, na mwanangu ameona bado mimi ni mwanamke. Nilimwonyesha mkono wa kushoto, kwamba na huu. Akasema, "Huo unaufanyia kazi mama, utaiharibu haijakolea." Alikuwa analia. Nikalia naye. Katika mambo yote mazuri niliyofanyiwa kwenye ugonjwa ule, niliihesabu hina ile kuwa ya kwanza. Jumanne nilikwenda benchini nimeuweka mkono juu ya mapaja ili Mama Gulam auone.

Kipupwe kilipoingia, na hina imeshafifia, tukaletewa barua. Hakimu amepokea maombi ya Kaka Shabani, lakini anataka mgonjwa aletwe amwone kwa macho yake. Nilivishwa baibui jipya. Nilipelekwa kwa kiti cha magurudumu alichotuazima Mama Gulam, na tulingoja kwenye korido tangu asubuhi, kati ya watu wa mirathi na watu wa talaka. Kaka Shabani alikaa upande wa pili na kofia yake ya viua. Alikuja kunisalimia. "Hujambo mdogo wangu," akasema, akaniweka sawa mtandio, akampa Salha maji ya kunipa. Hakuwa na sura ya mwizi. Nataka niseme kweli, kwa sababu watu hudhani anayekutenda hivi atakuja na meno nje.

Hakimu alikuwa mwanamke, umri wangu, miwani imeshuka puani. Aliamuru niapishwe. Kaka Shabani akasema, "Mheshimiwa, huyu hasemi." Karani akatamka kiapo, nami nikakifuata, "Wallahi, wabillahi, watallahi," kikatoka safi kama cha shehe. Kaka Shabani akageuka mzima kwenye kiti. Lakini hakimu aliponiuliza jina, ikatoka "ba."

Hakimu akavua miwani. "Bi Mwanaidi, nitasema maneno. Nikisema uongo, inua mkono wa kushoto. Nikisema kweli, tulia." Akangoja mpaka nikaitikia kwa kichwa. "Unaitwa Asha." Nikainua mkono. "Huyu hapa ni binti yako." Nikatulia. "Nyumba unayokaa aliijenga kaka yako." Nikainua mkono mpaka bega likalia. "Naambiwa wewe ni mpishi. Pilau huanza kwa kutia mchele kwenye sufuria." Niliinua mkono na nusura niinuke nao. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa mdomo wangu huu wa upande, mara ya kwanza tangu Mlingotini.

Akachukua muhtasari wa kikao cha ukoo. Akasoma kwa sauti: mgonjwa amepoteza fahamu zake na hawezi kujiamulia jambo. Akafungua ukurasa wa pili: mgonjwa ameelezwa makusudio ya kikao, ameridhia kwa hiari yake, na ameweka dole gumba. Akamtazama kaka yangu juu ya karatasi.

"Mzee, nisaidie. Kama hana fahamu, ameridhiaje? Na kama ameridhia, kakosa fahamu gani?"

"Mheshimiwa, ni utaratibu. Muhtasari bila dole la mwenyewe haukamiliki."

"Na hili ni dole la mkono gani?"

"La kulia, mheshimiwa," akasema, na ameudhika kidogo kwa kuulizwa. "Hatuwezi kumwekesha mtu kitu cha heshima kwa mkono wa kushoto. Ukoo wetu una adabu zake."

Hapo ndipo adabu ilipomponza. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa hai, una akili zake, ungeweza kukataa. Yeye kwa adabu alikwenda kwenye ule uliokufa.

Mimi nilikuwa sijaelewa bado. Nilikuwa nasikia "dole gumba" na najua sikuweka dole mahali popote. Nilidhani wameghushi, wameweka dole la mtu mwingine. Hakimu akamwambia karani alete wino, nichapwe dole la kulia hapo hapo, walinganishe. Karani, kijana mwenye mwili, akaushika mkono wangu. Ngumi haikufunguka. Akavuta vidole, vikakaza. Nikapiga kelele. Askari wa mahakama akaja kusaidia, wakawa wawili, na mimi natoka machozi.

"Muachieni," Salha akasema. "Mnamuumiza."

Akaja akapiga magoti mbele ya kiti. Akakunja kifundo kwa chini. Akasugua mgongo wa mkono, polepole. Chumba kizima kikamngoja. Dole gumba likatoka, kwa upole, kama linavyotoka kila asubuhi. Na mimi niliyekuwa namtazama utosini nikaelewa. Nikaiona tena akilini hina ile nyeusi, dole gumba limekolezwa mara mbili, tatu. Wino wa muhuri hautoki kwa sabuni siku ya kwanza.

Hakimu naye aliona. Hakupaza sauti. "Binti, siku ya kikao, mkono huu aliufungua nani?"

Salha hakunyanyua uso. Alikuwa bado ameushika. "Mimi."

"Mama yako alikuwa macho?"

"Amelala."

"Kwa nini, binti yangu?"

"Nilichoka, mheshimiwa," akasema. "Mjomba alisema nikitaka kupumzika ni dole tu. Nilichoka."

Nilitaka kuzungumza. Wallahi nilitaka. Ningemtukana, ningemuombea radhi, sijui ningeanza na lipi. Ilitoka "ba, ba," na Salha peke yake ndiye aliyejua kwamba nalia kwa hasira.

Maombi yalitupwa. Hakimu aliandika kwamba mimi ni mtu mzima mwenye fahamu zangu, nahitaji kusubiriwa, sihitaji kuamuliwa. Alimwonya kaka yangu kwa maneno makali kuhusu lile dole, na Salha kwa machache. Karatasi hiyo ninayo, imefungwa nailoni, ipo chini ya mto. Ni barua ya serikali inayothibitisha kwamba mimi ni mimi, na sijui ni watu wangapi duniani wamewahi kuihitaji.

Nje Kaka Shabani alinifuata. "Nilifanya kwa wema, mdogo wangu." Naamini. Ndiyo sababu sijamsamehe. Mwizi ningemsamehe, angeomba radhi. Huyu anangoja mimi nimshukuru. Tangu siku ile hajakanyaga kwangu, na kwenye shughuli za ukoo nasikia anasema mahakama imemvunjia nyumba.

Vuli ilikuja, neno la kwanza likarudi. Lilikuwa "chumvi." Salha alinilisha mchuzi, nikasema, "Chumvi," na akaangusha kijiko. Kaskazi ilipokolea nikawa nayo maneno kama thelathini, na hatua kumi na mbili kwa mkongojo. Mzee Gulam alifariki kabla ya masika, neno lake likiwa lilelile moja. Mama Gulam aliniambia alikuwa akimngoja mpaka asubuhi ya mwisho. Nami huwa nikikutana na mtu aliye na mgonjwa asiyesema namwambia hilo tu, muulize yeye, kisha ngoja, hata chai ikipoa.

Na Salha? Salha yupo. Ananiamsha, ananipeleka Jumanne zangu, anaufungua mkono. Hatukuwahi kulizungumza. Mwanzoni nilikuwa sina maneno, na nilipoyapata nikaona nayaogopa. Najua alivyochoka, maana nilikuwa mimi huo mzigo. Najua ni yeye aliyenitoa kwenye kombe. Lakini kila asubuhi akikunja kifundo kile kwa chini, kuna kitu ndani yangu kinajifunga hapo hapo, na hicho hajafundishwa na mtu namna ya kukifungua.

Juzi ilikuwa siku ya kuamkia Idi. Adhuhuri ilipopita aliingia na kibakuli. Niliisikia harufu kabla sijamwona. Alikaa ukingoni mwa kitanda, upande wa kulia, kama alivyokaa siku ile, akaunyoosha mkono wake kuuchukua wangu.

Nikauvuta ule mkono uliolala kwa huu mzima, nikauweka chini ya kanga.

"Huo hapana," nikasema.

Akabaki na kibakuli mikononi, macho chini. Nilimngoja. Kisha nikampa mkono wa kushoto, nimeufungua mwenyewe, vidole vyote vitano.

"Huu," nikasema. Neno la pili lilikawia, na yeye akaningoja. "Huu nausikia."

Salha akahamia upande wa pili wa kitanda. Akachovya kijiti, akainama, akaanzia kwenye dole gumba.